Mwezi wa Sita Niliutunga Minye

Jumapili, 14 Aprili 2024

Leo nimesema Kingereza mbele ya Mama kama maji ya bomba. Tena na muntu wa Amerika mwenyewe! Sawa, muntu mwenyewe ana miaka tisa. Ni Providence, mtoto wa kaka yangu Frédéric. Lakini amezaliwa kule kule, Swahili hajui hata ya kuombea maji. Mwamerika ni Mwamerika.

Mama alikaa kando yangu, kitenge cha misa bado mwilini, shingo ameirefusha karibu iingie ndani ya simu. Frédéric hajatupigia tangu Noeli. Namba yake imefungwa. Ni ile ya mtoto tu inayoingia, Jumapili jioni, kwao ikiwa asubuhi.

Mama: muulize baba yake anakuja lini.

Nikauliza. Yaani, nilisema "Daddy" mara tatu kwa sauti ya kuuliza. Mtoto akamwaga maneno! Mbio, kama bisi zinaruka ndani ya sufuria. Nilidaka "Daddy". Nilidaka "June". Katikati ya hayo mawili — giza tupu.

Mama: anasema nini?

Ningefanya nini? Si minye niliyetangazia avenue nzima kwamba niliacha shule mwaka wa tatu kwa sababu mwalimu wa Kingereza hakuwa tena na cha kuniongezea? Nikasema: baba yake anakuja mwezi wa sita, Mama.

Alipiga vigelegele peke yake ndani ya nyumba. Mbuzi akashtuka. Nilijisikia mkubwa sana.

Jumatatu, 15 Aprili

Neno la leo: *promise*. Ahadi.

Programu yangu, kwa wasioijua (ni minye peke yangu, lakini naisema): neno moja kila siku. Asubuhi nalibandika ukutani. Mchana nalitumia kwa muntu mzima, si kwa kioo. Jioni nalisema bila kuchungulia. Nyumba yote imejaa karatasi. Mlango umeandikwa *door*, sufuria *pot*, kitanda cha Mama *bed*. Mbuzi nilimfunga karatasi yake shingoni. Ameila. Mnyama wa kwanza Uvira kumeza neno zima kwa siku moja!

Nilikwenda kazini kuosha pikipiki pale ufukweni. Mteja akauliza kama itang'aa. Nikamwambia: *I promise*. Akajibu: sugua ile rimu, bwana mdogo, acha kunitukana.

Nimerudi, kumbe Mama amekwisha pita kwa wanakwaya, kwa wauza samaki wa ndagala, kwa padri. Wote wanajua mwezi wa sita. Ameleta chokaa ya kupaka mbele ya nyumba. Ameniambia nianze na mlango, kwa sababu Frédéric atauona kwanza.

Nimepaka. Karatasi ya *door* nimeitoa, nimeirudisha, nimeitoa tena. Sikuweza kukaa.

Jumatano, 17 Aprili

Klabu ya Kingereza. Tunakutanaga mtaa wa Rugenge, ndani ya darasa moja la shule watoto wakiisha toka. Kanuni ni moja: Swahili marufuku. Ikikuponyoka unavikwa symbole — kopo la sardini kwenye kamba. Unatembea nalo shingoni mpaka umkamate mwingine, na usipomkamata unakwenda nalo nyumbani. Shule ya msingi walifanya hivyo hivyo kwa Kifaransa, ila kule ilikuwa kipande cha ubao. Minye nilikivaa sana. Shingo yangu imesoma kuliko kichwa.

Rais wa klabu ni Annie. Anasoma chuo, anatembea kama mwenye haraka ya kwenda kufungua benki. Kila mtu alisimama kutoa habari. Minye: *my brother come in June!* Makofi. Héritier, mkia wa klabu, akapiga na meza.

Annie hakupiga. Akauliza, kwa Kingereza chake cha pole pole, mtoto alisema maneno gani hasa. Yaseme kama alivyoyasema.

Jasho! Nikamjibu: "Weye hiyo inakuhusu nini?"

Kwa Swahili.

Kopo likaja shingoni kabla sijakaa. Nimelivaa mpaka nyumbani. Watoto wa avenue wakaniuliza ni nini ile. Nimewaambia medali. Wamenifuata mpaka mlangoni wakiimba.

Alhamisi, 18 Aprili

Pahali petu pa kuoshea pikipiki pamekuwa ziwa. Jiwe nililokaliaga halionekani. Mwaka huu Tanganyika imekataa kukaa pahali pake.

Neno la leo: *flood*. Sikulitafuta. Limekuja lenyewe.

Jumamosi, 20 Aprili

Maji yamefika kwenye choo cha jirani, Papa Ndihokubwayo. Yeye anahama. Ametoa mabati yote asubuhi, moja moja.

Mama mdogo Consolée ameshuka toka Kilibula na mkokoteni wa kukodi. Alikuja kutuchukua. Hakusalimia sana.

"Dada Generose, beba vyombo."

"Nibebe niende wapi?"

"Kwangu. Juu. Hii nyumba ni ya matofali mabichi, ikinywa maji mara moja inakaa chini."

Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa. Akasema Frédéric alitoka kwa mlango huu siku ile ya kukimbia nchi, na ndio mlango anaoujua. Simu yake imefungwa, atamuelekeza nani? Atashuka na taksi toka mpakani, amevaa koti lake, atakuta nini? Maji na chura?

"Nani amesema anakuja?"

"Damien amemsikia mtoto kwa masikio yake. Huyu mwanangu anajua Kingereza, Consolée, si cha kuokota."

Mama mdogo akaniangalia. Minye nikamwangalia mbuzi.

Mkokoteni umerudi mtupu. Gurudumu moja linalia. Nalisikia mpaka sasa.

Jumapili, 21 Aprili

Simu. Hakuna réseau, mtandao umelala. Nimepanda ukutani, nimepanda mtini, nimekwenda mpaka barabara kubwa. Inalia mara moja, inakatika. Mama nyuma yangu: jaribu tena, jaribu tena.

Maneno ya leo nilikuwa nayo tayari kinywani. *Come. Coming. Where. When.* Nimelala nayo kama mawe.

Jumanne, 23 Aprili

Nimesema ukweli! Niandike vizuri, siku hizi hazitokeagi.

Asubuhi maji yaliingia kwa mlango. Kidole kimoja tu, lakini yameingia bila kubisha. Mama amepandisha kitanda kwenye matofali na anaimba. Anaimba! Nikaona hapana. Nikasimama mbele yake.

"Mama, mwezi wa sita niliutunga minye."

"Ulitunga nini?"

"Mtoto hakusema vile. Sikusikia alivyosema. Nilidaka maneno mawili, mengine nikajaza mwenyewe."

Nilingoja kofi. Nilikuwa nimekwisha funga jicho moja.

Amecheka! Amekaa kwenye kitanda amecheka mpaka akashika mbavu. Eti: "Consolée amekutuma. Amekulisha nini? Nyama?"

"Hapana, Mama, ni kweli, Kingereza changu kile sijui —"

"Weye? Weye uliyesema mwalimu alikuwa anakuuliza maneno? Uliyebandika karatasi mpaka kwenye mbuzi? Kingereza unakijua siku zote, siku ya kuhama ndio hukijui?"

Nikamwambia nitamleta Annie wa klabu, atashuhudia kwamba minye ni bure kabisa. Akasema: lete na mashahidi wengine, nitawapikia.

Halafu akanipangusa chokaa kwenye shavu na kitenge chake, akasema najua unanihurumia, mwanangu, lakini mama hamkimbii mtoto anayerudi.

Nimedanganya mara mia, ameniamini mara mia. Nimesema kweli mara moja — ameona ndio uongo. Ubora wangu umeniua!

Jumatano, 24 Aprili

Klabu. Kopo nilikuwa nalo bado, kwa hiyo nilisema Swahili kwa raha, deni lilikuwa limekwisha lipwa. Nilimvuta Annie nje, kwenye baraza. Nikamweleza yote. Nilitembea nikieleza, siwezi kusimama siku hizi. Nilisema haraka, nikitazama viatu vyake. Viatu vyake vilikuwa na matope. Kumbe na kwao maji yamefika.

Nilijua atacheka. Angecheka ningekwenda zangu.

Akauliza: "Mama yako anajua Kingereza kiasi gani?"

"Zero. *Good morning*. *Yes*. *No*. *My God*."

"Basi anatosha."

Akanieleza. Nimeacha kutembea. Eti weye Damien unapenda maneno makubwa, unataka kutupa wavu unase samaki wote. Uliza swali dogo. Swali ambalo jibu lake Mama atalisikia mwenyewe, bila weye kupita katikati. Weka simu kwa sauti ya nje. *Is Daddy coming to Uvira? Yes or no?* Mtoto wa miaka tisa hawezi kushindwa hapo. Na Mama hawezi kusema Consolée amemlisha nyama Providence.

Minye: ni hivyo tu? Hata Héritier angeweza.

Yeye: ndiyo. Ndiyo maana itafanya kazi.

Amenifanya niliseme swali lile mpaka midomo ikachoka. Halafu akanipa mengine ya akiba: *now*, *where*, *wake*, *feet*. Sikumwuliza *feet* ya nini. Akasema mtu akizungukwa na maji lazima ajue kusema miguu.

Nimesahau kumwambia asante. Nilimwambia Kingereza chake kinaendelea vizuri.

Ijumaa, 26 Aprili

Ukuta wa Papa Ndihokubwayo umeanguka. Mchana, jua likiwaka. Haukupiga kelele, ulikaa chini tu, kama alivyosema Mama mdogo. Nyumba ilikuwa tupu. Mungu saidia ilikuwa tupu.

Wetu una ufa. Nimeuona nyuma ya karatasi ya *wall*. Karatasi imelowa, wino umetiririka. Maneno yangu yote ya chini yamekwenda na maji. *Stool*, *bucket*, *broom*. Yamebaki ya juu.

Mama ameuona ufa. Nimemwona akiuona. Ametundika kalenda juu yake.

Jumapili iko mbali sana.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimechaji simu kule juu barabarani, duka la kuchajia la huku chini limefungwa. Batterie yangu ni mzee, inajaa haraka na inakufa haraka. Nimewaambia Mama mdogo na Annie wakae kesho na mkokoteni kwenye ncha ya avenue. Bila kelele.

*Is Daddy coming to Uvira? Yes or no?*

Nimelisema kwa mbuzi. Ametafuna tu.

Nimezunguka nyumba ndani ya maji. Kule ndani Mama anapiga pasi shati la Frédéric, lile la kitambo. Makaa yake ameyawasha juu ya meza.

Jumapili, 28 Aprili

Simu iko wazi juu ya goti la Mama. Kule hakuna anayesema. Nimeshika kalamu. Niandike haraka kabla mtoto hajarudi kwenye simu.

Tulikaa kitandani, minye na Mama, miguu chini. Maji juu ya vifundo. Nje mbuzi analia, Mama mdogo amemfunga kwenye mkokoteni. Annie naye yuko pale, nasikia sauti yake ikiwafukuza watoto.

Providence alishika mara ya kwanza. Sauti wazi, kama yuko kwenye chumba cha pili. Nikasema *hello*. Nikafungua sauti ya nje. Mama akanyoosha kitenge kama anaonekana.

Nikauliza. Pole pole. Kama Annie.

Mtoto akasema: *No.*

Moja tu. Dogo. Mama aligeuka akaniangalia.

"Tafsiri."

"Mama, yaani… unajua mambo ya ndege, na makaratasi ya uhamiaji, na kule kazi haitoi ruhusa ovyo, tena mwaka huu —"

"Damien. Amesema neno moja."

"Hapana. Amesema hapana."

"Na mwezi wa sita?"

Nikamwuliza mtoto. *June? What in June?* Akajibu, na minye — nilisikia! Yote! *School*. *Finish*. Nikamwambia Mama: shule yao inafungwa mwezi wa sita. Siku ile alikuwa anatuambia habari za shule yake. Ni hayo tu.

Hakunipiga. Aliinuka, akakanyaga maji mpaka ukutani, akatoa lile kopo la sardini la klabu msumarini. Akanivika mwenyewe. Akaweka kamba vizuri nyuma ya shingo, kama anavyonifungaga kola siku ya misa. Akarudi akakaa.

Akasema: "Sasa muulize baba yake yuko wapi. Saa hii."

*Where is Daddy now?*

Mtoto alishusha sauti, kama watoto kanisani. Akasema: *Here*. Akasema *bed*. Akasema baba amemwambia aseme yuko *at work*. Akasema kila mara anamwambia hivyo. Sikukosa hata neno. Siku zote nilitaka siku ya kutokosa hata neno. Nikatamani lile giza la kwanza lirudi.

"Anasema nini?"

Kopo lilikuwa baridi kifuani.

"Yuko pale, Mama. Amelala. Anamfundisha mtoto aseme yuko kazini. Kila Jumapili."

Nilidhani atalia. Alitazama shati, limetundikwa juu ya karatasi ya *window*, mikono imenyooka. Akalitazama sana.

"Aliahidi kunijengea nyumba ya matofali ya kuchoma," akasema. "Basi anaogopa nini? Minye nilimwomba nyumba? Minye nilimwomba yeye."

Mama mdogo akaita toka nje. Dada! Ukuta! Kwa kweli kalenda inakwenda pembeni. Sikuigusa.

Nikamshika Mama mkono. Tutoke, nikasema, simu tutaongea barabarani. Akautoa. Akasema hatoki hapa bila kusikia sauti ya mtoto wake, hata akitukana. Ukitoka réseau inakatika, weye unaijua. Akimsikia, atatoka mwenyewe, hatasukumwa. Mwambie Providence amwamshe. Mwambie ni mama yake, na miguu yake iko majini.

Nikatengeneza. *Wake Daddy. His mother. Feet in the water.* Si Kingereza kizuri. Ni chote nilicho nacho.

Mtoto akasema: *Wait.*

Halafu hatua. Miguu mitupu, inakimbia. Mlango.

Ndipo tulipo. Batterie imekuwa nyekundu. Mama ameinama juu ya simu, hapumui. Chokaa ya mlango inamenyuka, inaelea ndani ya nyumba, vipande vyeupe, vinazunguka miguu ya kitanda.

Kule muntu amekohoa. Muntu mzima.

Mama amesimama, simu mkononi.

"Anasema nini?"

Minye: bado hajasema, Mama.